Saa Kumi na Moja, Wote Wametoka Salama

Katika kitabu cha getini, Phelista alitoka kazini saa kumi na moja jioni, mzima, pamoja na wenzake wote. Imeandikwa pale kwa wino wa buluu, mstari wa kumi na mbili kutoka juu: "Saa 11 jioni. Wafanyakazi wote wametoka salama. Hali shwari." Mwandiko ni wa Wakoli, mume wake. Sahihi pia ni yake. Na saa hiyo ilipofika kweli, Phelista alikuwa amekwisha kufa tangu kabla ya adhuhuri.

Wakoli hakuuandika mstari huo kwa wazimu. Aliuandika asubuhi ya siku hiyo hiyo, saa kumi na mbili, wakati ukungu wa Kitale ulikuwa bado umelalia mabati ya ghala kama blanketi ya mgonjwa. Ndivyo masoja wa lile ghala la mbegu walivyofanya kazi. Sheria ya kampuni ilisema kila saa mlinzi azunguke, akague milango yote, arudi aandike kwenye kitabu cha matukio, ambacho kila mtu alikiita OB. Lakini mlinzi wa mchana ni mmoja, geti ni moja, na malori ya mbegu hayaishi kupiga honi. Ukienda kukagua mlango wa nyuma, lori linangoja. Lori likingoja, meneja anafoka. Basi masoja wakatafuta dawa yao. Mtu akiingia zamu anaandika saa zote kumi na mbili kwa mkupuo mmoja, hali shwari, hali shwari, mpaka jioni, halafu anafunga kitabu na kufungua geti. Dawa hiyo waliiita kupanda siku. Unazipanda saa kwenye mistari kama mahindi, unaziacha ziote zenyewe.

Na kwa miaka tisa zilikuwa zinaota vile vile alivyozipanda.

Makokha, meneja wa ghala, alijua. Asiseme mtu kwamba hakujua. Mara ngapi alipita asubuhi na kikombe chake cha chai, akakuta kalamu ya Wakoli imefika saa nane mchana na jua bado halijachomoza, akacheka. "Wewe ni nabii, Wakoli. Endelea tu. Watu wa bima wakija wanataka kuona kitabu kimejaa. Mstari mtupu ni kesi, bana. Mstari uliojaa ni amani."

Wakubwa wana tabia hiyo. Amri zao hutoka kwa mdomo, zikapotea na upepo. Makosa ya mdogo ndiyo huandikwa kwa wino.

*

Baada ya moto uliomuua Phelista walimhamishia zamu ya usiku, kwa hiyo usingizi wake ukawa wa mchana. Chumba chake cha kupanga katika mtaa wa Tuwan kina bati lenye matundu ya misumari ya zamani, na jua likipanda, vijinyota vinamwagika sakafuni na kutambaa polepole hadi kwenye kitanda. Wakoli hulala vijinyota vikiwa mlangoni. Vikifika miguuni pake, anakuwa amekwisha kuingia.

Haingii kwenye ndoto nyingine yoyote. Anaingia kwenye siku ile, si ile iliyotokea, ile aliyoipanda.

Ndani ya siku hiyo hakuna haraka. Saa sita, hali shwari: mashine ya kuchambua mbegu inanguruma kama paka mkubwa aliyeshiba, na vumbi la mahindi limening'inia hewani, kila chembe imewaka. Saa saba, hali shwari: wanawake wanakula githeri nje kwa ukuta, wameinua viganja vyao, na viganja vyote ni vya waridi kwa sababu ya ile dawa ya kupaka mbegu ambayo haitoki hata ukisugua kwa jivu. Saa nane. Saa tisa. Malori yanaingia bila kupiga honi, matairi yake hayagusi changarawe. Saa kumi, mlango wa nyuma uko wazi, na kupitia mlango huo Wakoli anauona mlima Elgon umesogea karibu sana, kana kwamba ungetaka kuingia ndani kununua mbegu. Halafu saa kumi na moja, Phelista anatoka. Anafungua kitambaa cha kichwa, anakikung'uta, vumbi linapaa juu dhahabu tupu, anakuja getini na kuchungulia kitabu.

"Baba Ivy, na mimi umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Salama?"

"Salama salmini."

Anacheka. Anamshika mkono kwa kile kiganja cha waridi, wanatoka, na barabara mbele yao ni nyeupe kama unga.

Basi mwambie mtu kama huyo aamke. Mwambie aifute siku hiyo.

*

Siku iliyotokea ni fupi kueleza. Mwezi wa tatu, msimu wa kupanda, pakiti za mbegu zilikuwa zinapotea kupitia nyuma. Makokha akawaita masoja, akasema hasara imekuwa kubwa na makao makuu ya Bungoma yanamchemshia maji. "Huo mlango wa dharura ufungwe. Kufuli. Ufunguo nitakaa nao mimi mwenyewe." Soja mmoja akauliza, na wale akina mama ndani? Makokha akamwangalia. "Kwani ni mbuzi? Si watatokea mbele?" Hakuandika barua. Hakubandika tangazo. Wakoli mwenyewe ndiye aliyelibana lile kufuli, likalia kwa sauti ndogo, ta.

Wiki tatu baadaye, saa tano na robo asubuhi, waya wa ile mashine ya kufunga pakiti ulishika moto karibu na mlango wa mbele. Magunia ya plastiki yakafuata. Makokha alikuwa Bungoma kwenye mkutano, na ufunguo mfukoni mwa suruali yake. Wakoli alizunguka nyuma na nondo, akalipiga kufuli, akalipiga, na upande wa pili wa mbao mikono ilikuwa inapiga vilevile, kama watu wawili wanaojenga ukuta mmoja. Kufuli lilipovunjika, mikono ilikuwa imenyamaza. Wanawake wanne walivutwa nje wakiwa hai. Phelista hakuwa mmoja wao.

Jioni hiyo Makokha alifika, na kitu cha kwanza alichokichukua ni kitabu.

*

Mwaka ukapita. Phelista alikuwa amelala kwenye shamba lao nje ya Lugulu, na kaburi lake lilikuwa limeshaota nyasi, ndipo Chepkorir akaishtaki kampuni. Chepkorir ni mmoja wa wale wanne, mama wa makamo kutoka upande wa mlimani, aliyekuwa na sauti kubwa ya kuongoza kwaya. Sasa mapafu yake yalikuwa kama jamvi kuukuu. Alisema kampuni iliwafungia ndani, na sheria ya usalama kazini inasema mlango wa dharura haufungwi kufuli watu wakiwa ndani. Kampuni ikajibu kwamba hajui anachosema. Mlango ulikuwa wazi. Kitabu kinaonyesha.

Na shahidi wa kitabu ni nani? Si Wakoli?

Kesi ilipelekwa mahakama ya Bungoma, mji wenye makao makuu ya kampuni. Siku nne kabla ya kusikizwa, Chepkorir alikuja Tuwan, akamkuta Wakoli ameketi mlangoni akinyoa ndevu kwa kioo cha mkononi. Alisimama kwanza, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, ndipo akasalimia.

"Baba Ivy, hujambo."

"Sijambo, mama. Kaa."

Hakukaa. "Umesoma vile wameandika? Wakili wangu Jerono amenisomea. Wanasema mlango ulikuwa wazi, ila sisi tulichanganyikiwa. Wanasema marehemu ndiye alitupotosha." Akameza mate. "Ati Phelista. Ati ndiye alipiga kelele tukimbilie nyuma, tukakanyagana, akajiua mwenyewe na karibu atuue."

Wembe wa Wakoli ulisimama shavuni.

"Mimi siwezi kuongea mambo ya karatasi," Chepkorir akasema. "Lakini kile kitu alifanya ndani, nakijua. Nikuambie?"

"Usiniambie."

"Baba Ivy..."

"Nimesema usiniambie, mama!" Akasimama, povu limemjaa nusu uso. "Mimi nina siku yangu. Niachie."

Chepkorir alimtazama vile mtu anavyomtazama jirani anayeongea na ukuta. "Sawa," akasema. "Lakini jina lake linatupwa kwa taka, na wewe ndiye umeshika karai." Akaenda zake, akisimama kila hatua ishirini kutafuta pumzi.

Mchana ule Wakoli alilala, na siku yake ikaja kama kawaida, mashine ikanguruma, vumbi likawaka. Lakini saa kumi na moja Phelista alipochungulia kitabu, hakuuliza swali lake. Alisoma tu, kidole juu ya mstari, akisoma polepole kama mtoto wa darasa la pili, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti.

*

Makokha alikuja kumchukua na gari la kampuni alfajiri ya siku ya kesi. Njia nzima ya kwenda Bungoma ilikuwa imejaa ukungu, nguzo za stima zikitokea moja moja na kuzama tena. Makokha aliendesha kwa mkono mmoja. Alikuwa mtu wa Kimilili, Mkristo, shemasi, na alipenda kuita kila mtu ndugu.

"Ndugu yangu Wakoli. Wewe unaogopa korti?"

"Sijawahi kwenda."

"Ni kitu kidogo. Wakili wetu, Muturi, atakupa karatasi. Atauliza, huu mwandiko ni wako? Unasema ndiyo. Soma mstari wa saa tano. Unasoma. Umemaliza, unakaa. Hakuna uongo hapo. Si ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Haya basi." Wakapita Kimilili, soko likiwa linafunguliwa, akina mama wakitandaza magunia ndani ya ukungu kama wanatandika vitanda. Makokha akampungia mkono mtu asiyeonekana. "Unajua shida iko wapi? Watu hawaelewi biashara. Mlango ukiwa wazi, hiyo ni ajali. Mungu alipenda. Bima inaingia, kila mtu anaendelea. Mlango ukiwa umefungwa na watu ndani, hiyo si ajali tena, hiyo ni hatia. Bima inakimbia. Kampuni inaanguka. Watu mia moja na arobaini wanakosa kazi, na wewe ukiwa wa kwanza. Kwa faida ya nani? Chepkorir?"

Wakoli alikuwa anaangalia nje.

"Na binti yako Ivy?" Makokha akasema kwa upole. "Anamaliza koleji mwaka huu, sivyo? Nimeshaongea na Bungoma. Kuna kiti ofisini."

"Ule ufunguo," Wakoli akasema.

"Ufunguo gani?"

"Wa mlango wa nyuma. Uko wapi siku hizi?"

Makokha alishika usukani kwa mikono miwili. Halafu Makokha akacheka kidogo kwa pua. "Wakoli, mimi nakupenda, nikuambie ukweli. Mdomo wangu uliwahi kuandika mahali? Haukuandika. Kilichoandikwa ni chako. Ukisimama pale useme uliandika uongo, askari hatakuja kwa Makokha. Atakuja kwa mwenye sahihi. Kwa hivyo usimwage mtama mbele ya kuku na hata kibaba si chako."

Karibu na Lugulu jua lilipasua ukungu upande mmoja tu, upande wa makaburi na mashamba, na kwa muda mfupi kila jani la mahindi lilikuwa na taa yake. Wakoli aliona njia ya kwenda kwake. Hakuomba gari lisimame. Alifumba macho, akajaribu kuingia kwenye siku yake hata kwa dakika mbili, akakuta geti limefungwa na mtu aliyesimama nje yake ni yeye mwenyewe.

*

Chumba cha mahakama kilinuka rangi mpya na viatu vyenye maji. Hakimu alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye aliandika kila kitu kwa mkono bila kuinua kichwa. Chepkorir aliketi mbele na shali mabegani. Ivy alikuwa amekuja pia, peke yake, akakaa nyuma kabisa kwa sababu baba yake alimkataza kuja.

Wakoli akaapa. Muturi, kijana mwenye suti safi, akampa karatasi.

"Shahidi, wewe ni nani kwa marehemu Phelista?"

"Ni mume wake."

Muturi aliacha jibu hilo likae kidogo hewani, watu walione vizuri. "Na huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Tusomee saa tano asubuhi."

Ilikuwa nakala iliyotolewa kwa mashine, nyeusi kidogo pembeni. Wakoli alihesabu mistari. Kumi na mbili asubuhi, moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita tu. Chini ya saa tano karatasi ilikuwa nyeupe. Ile saa sita yenye paka wa mashine haikuwepo. Saa saba ya githeri haikuwepo. Saa kumi na mlima wake, haikuwepo. Mtu alikuwa ameikata siku yake katikati kwa makasi na kumwachia ile nusu yenye kifo.

"Saa tano asubuhi," akasoma. "Mlango wa nyuma umekaguliwa, uko wazi. Hali shwari."

"Asante. Sina zaidi."

Jerono akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya chini, faili lake limefungwa kwa kamba ya kiatu. Wakoli alingoja apigiwe kelele. Jerono akamtazama tu.

"Pole kwa msiba, mzee."

"Asante, madam."

"Nina swali moja. Huu mstari wa saa tano, uliuandika saa ngapi?"

Ni swali ambalo hata mtoto angelijibu. Saa tano. Mdomo wa Wakoli ulikuwa umeshajikunja kulisema. Aliangalia kule Makokha alikoketi, mikono imekunjwa, amefumba macho kama anayeomba. Akamwangalia Ivy, ambaye hakuwa anamwangalia yeye bali sakafu. Halafu akasikia kikohozi cha Chepkorir, kile kikohozi cha jamvi, na ndani yake kulikuwa na mikono inayopiga mbao.

"Saa kumi na mbili asubuhi," akasema.

Mtu mmoja akacheka kwa mshangao. Kalamu ya hakimu ikasimama. Akainua kichwa kwa mara ya kwanza, akavaa miwani.

"Rudia."

"Saa kumi na mbili asubuhi, mheshimiwa. Jua halijatoka. Niliandika zote. Sisi tunapanda siku."

"Mnapanda nini?"

Akaeleza. Lori, geti, honi, mlinzi mmoja. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na mbele, na Muturi alisimama mara tatu kupinga, na mara tatu hakimu akamwambia akae. Alipomaliza, hakimu akaweka kalamu chini.

"Shahidi, nisikilize. Ninakuonya kabla hujaendelea. Unachosema kinaweza kutumiwa dhidi yako mwenyewe. Si lazima ujibu. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Lakini hiyo karatasi wameikata, mheshimiwa. Kitabu kinaendelea chini."

Kukawa na kelele. Muturi akasema kitabu chenyewe hakipo, hakimu akauliza kiko wapi basi, Muturi akageuka kumwangalia Makokha, na Makokha, shemasi wa miaka kumi na miwili, hakuweza kudanganya kwa uso vile alivyoweza kwa mdomo. Kitabu kilikuwa ofisini, ng'ambo ya barabara. Hakimu akatoa nusu saa.

Kilipoletwa, kilikuwa kidogo kuliko Wakoli alivyokikumbuka. Jalada limeungua pembe moja. Alipewa akisome yeye, kwa sababu ni mwandiko wake, na alisimama pale ameshika kile kitu alichokuwa amelala nacho mchana wa mwaka mzima.

"Saa sita. Hali shwari." Saa hiyo Phelista alikuwa kwenye gari la wagonjwa amefunikwa uso. "Saa saba. Hali shwari." Kidole chake kilishuka mstari mmoja. "Saa nane. Milango imekaguliwa. Hali shwari. Saa tisa. Hali shwari."

Kila mstari alioutamka ulikuwa unazima taa moja. Alizisikia zikizima. Vumbi likashuka chini likawa vumbi tu. Malori yakakanyaga changarawe. Alitaka kuacha pale saa kumi, aache moja iwake, ile ya mwisho, na hakimu hangemlazimisha. Hata Jerono alikuwa amesema, "Inatosha, mzee."

"Haitoshi," Wakoli akasema. "Saa kumi. Mlango wa nyuma uko wazi. Hali shwari." Akapangusa pua kwa kiganja. "Saa kumi na moja jioni. Wafanyakazi wote wametoka salama."

Hakuna aliyecheka mara hii.

"Na mlango huo wa nyuma," hakimu akauliza, kwa sauti iliyopungua, "siku hiyo ulikuwaje?"

"Ulikuwa na kufuli, mheshimiwa. Nililifunga mimi kwa mkono wangu. Bwana Makokha ndiye alisema lifungwe, na ufunguo alikuwa nao yeye, hapa hapa Bungoma. Mke wangu hakumpotosha mtu. Alikimbilia mlango ambao kitabu changu kilisema uko wazi."

*

Kesi iliahirishwa. Muturi alitoka akiongea na simu kwa Kiingereza cha haraka. Makokha alipita mbele ya Wakoli bila kumwita ndugu. Askari wa mahakama, mzee mmoja mpole, alimwambia Wakoli kwamba hakimu ameagiza akaandikishe taarifa kituoni, leo si lazima, Jumatatu, na aje na kitambulisho. Alimweleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta.

Ivy alikuja, akamshika mkono wa shati. Kiti chake cha ofisini kilikuwa kimekwenda, naye alijua, maana baba yake alikuwa amemwambia kwa simu asubuhi ile. Akamwambia tu, "Baba, kaa chini."

Kulikuwa na benchi kando ya tangi la maji, na Chepkorir alikuwa ameketi juu yake na chupa ya chai na mkate umefungwa gazetini. Alijisogeza. Wakoli akakaa. Jua la saa saba lilikuwa kali na la kawaida, jua la watu wanaokwenda benki. Hapakuwa na ukungu mahali popote. Alijaribu kufumba macho, kwa mazoea, akaona wekundu wa kope zake na basi.

"Watakufunga?" Chepkorir akauliza.

"Sijui. Jerono anasema pengine faini, pengine nitageuzwa shahidi wa serikali. Anasema wakubwa wana zaidi ya kujibu. Wakubwa!" Akatema mate. "Wao watapata mawakili watano. Utaona."

"Tutaona pamoja." Akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa. "Kunywa, imepoa kidogo."

Alikunywa. Ivy alikuwa amechuchumaa mbele yao akivunja mkate vipande vitatu. Boda boda mbili zilikuwa zinagombania abiria nje ya lango, moja ikiita nyingine mwizi, na abiria mwenyewe akiwa ameshaondoka kwa miguu.

"Mama Chepkorir," Wakoli akasema.

"Ehe."

"Siku ile Tuwan. Kile ulitaka kuniambia."

Chepkorir alimwangalia, akamwangalia Ivy, akauliza kwa macho, na Ivy akatikisa kichwa kukubali. Mama huyo akavuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena mpaka ikaingia.

"Haya. Asubuhi tulikuwa tumegombana mimi na yeye," akaanza. "Nilikuwa nimekalia kiti chake, kile chenye mto. Akaniambia, wewe Chepkorir, huko mlimani hamna viti? Tukacheka mpaka Joan wa mashine akatunyamazisha. Halafu saa tano hivi, akanusa. Phelista ndiye alinusa kwanza. Akasema, mbona kunanuka plastiki..."

Wakoli aliweka kifuniko cha chai kwenye goti, akakishika kwa mikono miwili, akasikiliza.